Dawa ya Plastiki

Siku nilipomweleza baba yangu kazi yangu ni nini, nilikuwa nimesimama nje ya maabara huko Uarabuni, nimejibana kwenye kivuli chembamba cha ukuta, na simu inakatikakatika. Alikuwa hajawahi kuniuliza. Kwake ilitosha kwamba nimesoma kemia mpaka watu wa mbali wakanitaka. Siku hiyo lakini alikuwa na haraka ya jibu, nami nikamjibu kwa Kiswahili cha vitabu vya shule: nafanya utafiti wa vichocheo.

"Vichocheo? Unamchochea nani, mama? Huko ugenini usijiingize kwenye mambo ya uchochezi. Watakufunga."

Nilicheka, kisha nikakasirika. Ndivyo nilivyo. Wasomi walikaa chini wakalitunga neno lile kwa bidii zao zote, na lilipofika kwenye sikio la fundi bati wa Tabora likageuka kesi ya polisi. Nikajaribu njia nyingine. Nikamwambia kuna gesi, na kuna unga mweupe, na gesi ikikutana na ule unga inageuka plastiki. Ule unga ni kama dawa. Kazi yangu ni kujua ukiongeza kitu gani kwenye hiyo dawa inachangamka, na ukiongeza kitu gani inalala. Sauti yake ilikuwa inapotea na kurudi. Nikaona nifupishe.

"Nashughulika na dawa, baba."

"Ahaa! Dawa. Si ungesema tangu mwanzo."

Nikamsikia akigeuza mdomo pembeni na kuwaambia watu waliokuwa naye kwenye kibanda chake cha ufundi, kwa sauti ya mtu aliyeshinda shauri: "Mmesikia wenyewe. Dawa."

Baadaye mdogo wangu, ambaye ndiye aliyebaki nyumbani na baba, aliniambia haraka ile ilitoka wapi. Kuna mteja alikuja kuchukua mfereji wa bati, akakaa, akanywa kahawa ya watu, kisha akasema kwamba binti wa Kiswahili akienda Uarabuni anakwenda kufua na kulea watoto wa wenzake, hizo habari za maabara ni za kumfurahisha mzee. Alisema mbele ya mafundi wote. Baba akachomoa simu papo hapo. Huyo mteja simjui mpaka leo, na afadhali iwe hivyo, kwa sababu sina maneno mazuri ya kumwambia. Kazi ya kufua ni kazi ya halali na wapo dada zangu wengi wanaoifanya kwa machozi. Lakini baba hakuwa anabishania kazi. Alikuwa anabishania neno lake mwenyewe, kwamba hakuwa amewadanganya watu.

Tangu hapo nikawa mtengenezaji wa dawa. Salamu zilizonifikia kupitia kwa mdogo wangu zikaanza kubadilika. Mama wa nyumba ya tatu anaomba ya presha. Imamu anauliza kama mna ya macho. Nilidhani ni utani, kwetu watu wanapenda utani, nami nikawarudishia utani.

Acha nieleze hiyo kazi, maana hakuna aliyewahi kuniacha niieleze mpaka mwisho. Plastiki ya ndoo, ya bomba la maji, ya tangi jeusi linalokaa juu ya mnara nyuma ya nyumba, inaanza ikiwa gesi. Vipande vya gesi hiyo ni vidogo mno na havina haja ya kushikana. Unaweza kuvikalia mwaka mzima, vitabaki gesi. Kinachovishikanisha ni metali inayoitwa titani, ambayo inakamata kipande kimoja, inakiunga na kingine, na kingine, mpaka unapata uzi mrefu kama shanga za kiunoni. Ila titani ikiachwa peke yake inajikusanya mafundo, na iliyo ndani ya fundo haifanyi kazi yoyote. Kwa hiyo inabidi itandazwe juu ya punje za kitu kingine, chumvi fulani nyeupe, ibebwe. Wenzangu wana neno lao la hizo punje. Mimi kichwani mwangu naziita wapagazi. Mtu aliyezaliwa Tabora, mji uliojengwa kwa mabega ya watu waliobeba mizigo kutoka pwani kwenda ziwani na kurudi, angeziita nini tena?

Kisha vinakuja vya kuongezea, na hapo ndipo miaka yangu mingi ilipokwenda. Kuna mchanganyiko wa alumini ambao ukiutia kidogo unaiamsha titani iliyolala, ukizidisha unaichosha mpaka inaacha kazi. Kuna vingine vinavyokaa kwenye nafasi za titani na kuchagua ipi ifanye kazi na ipi izibwe. Kuna haidrojeni, inayokata ule uzi uwe mfupi. Tofauti kati ya plastiki ya mfuko unaochanika na plastiki ya bomba linalozikwa ardhini mara nyingi ni hicho kidogo kilichoongezwa. Na yote hayo unayafanya mikono ikiwa ndani ya glavu ndefu zilizofungwa kwenye kisanduku cha kioo kisicho na hewa ya kawaida, kwa sababu unyevu kidogo tu, hata pumzi ya mtu, inatosha kuiua ile dawa. Dawa yangu inakufa ikipumuliwa na mtu. Nilikuwa nikilifikiria jambo hilo mara kwa mara nikiwa kazini, bila kulipa uzito.

Baba alikuwa fundi bati, na baba yake, na aliyemtangulia. Huyo wa kwanza alikuja na msafara akiwa mtengenezaji wa mabirika yaliyotoboka njiani, msafara ukaendelea, yeye akabaki. Nilipokuwa mdogo baba alitengeneza ndoo, karai, mifereji ya maji ya mvua, na zile keni za kumwagilia miche ya tumbaku, ambazo wakulima wa Ntalikwa na wa Urambo walikuwa wanazifuata kwake. Ndoo za plastiki zilipokuja alizibeza msimu mmoja tu. Kisha matangi ya plastiki yakaja, na keni za plastiki, na mifereji ya plastiki, naye akabaki akiziba mabati ya paa na kutengeneza majiko. Sikumsikia akilalamika hata siku moja. Alisema watu wananunua kilicho chepesi, na wana haki. Mimi ndiye niliyelalamika kwa niaba yake, halafu nikaenda nikaisomea ile ile plastiki, kwa sababu ndiyo nafasi iliyopatikana. Nilimwambia plastiki, kwa mdomo wangu. Yeye alisikia dawa.

Alijikata mguuni kwa kipande cha bati. Fundi bati kujikata si habari, kila siku ana kidonda kipya. Lakini baba alikuwa na sukari, na kidonda cha mtu mwenye sukari kina ukaidi wake. Mdogo wangu alipoona vidole vinageuka rangi akampeleka hospitali ya Kitete. Madaktari wakasema vidole vikatwe na sehemu ya mbele ya unyayo, mapema, kabla ubaya haujapanda. Baba akawashukuru kwa adabu zote, akawaambia kwamba anaye binti anayetengeneza dawa Uarabuni, ngoja kwanza awasiliane naye. Akarudi nyumbani kwa bajaji.

Mdogo wangu hakuniambia mara moja. Baba alimkataza, alitaka kuniuliza mwenyewe, na alikuwa anasubiri siku atakayojisikia nafuu ili sauti yake isinitie hofu. Siku hiyo haikufika. Mwishowe mdogo wangu akanipigia akiwa jikoni, akinong'ona.

"Dada, hiyo dawa ya vidonda utaituma lini? Harufu imezidi."

"Dawa gani?"

"Si hiyo mnayotengeneza."

Nilipiga kelele mpaka mwenzangu wa meza ya pili akavua miwani. Nikamwambia mimi natengeneza dawa ya plastiki, ya plastiki, ya ndoo, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyewahi kupona kwa mkono wangu. Alikuwa ameamini naye, amekaa na ile harufu chumbani kwa sababu alikuwa ameamini. Kisha akasema kwa sauti ya upole iliyoniumiza kuliko kama ningetukanwa, "Basi njoo umwambie mwenyewe. Mimi siwezi."

Sikumbuki mengi ya safari. Nakumbuka basi lilipita Nzega jua likiwa kali, watu wakashuka kununua asali na karanga, nami nikabaki kwenye kiti nikipanga maneno. Ile ni njia ya zamani, imepitiwa na watu wenye mizigo mizito kuliko wangu, lakini siku ile nisingekubali kuambiwa hivyo.

Baba alikuwa amelazwa chumba cha mbele, dirisha wazi, udi unafuka ili kuifunika harufu na haifunikiki. Alikuwa amevaa kofia yake iliyodariziwa. Aliivaa kwa ajili yangu. Uso wake ulikuwa umekwisha, macho tu ndiyo yaliyobaki makubwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Marahaba. Pole na safari." Akanishika mkono, na wake ulikuwa wa moto. "Umekuja nayo?"

Nilimwomba mdogo wangu afunge mlango. Nikakaa kwenye kigoda karibu na kichwa chake, na maneno yote niliyoyapanga kwenye basi yakanikimbia. Nikamuuliza kitu cha kijinga. Nikamuuliza, kabla hajalehemu kiungo cha bati, anapaka nini.

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye homa. "Dawa," akasema.

"Kwa nini?"

"Bila dawa lehemu haishiki. Inajiviringa inaanguka. Wewe si umekulia kibandani?"

"Hiyo dawa inatibu mtu?"

"Ile ni asidi, mama. Inatoboa nguo."

"Yangu ni kama hiyo, baba. Ni dawa ya plastiki. Naangalia nitie nini ili plastiki ishikane vizuri. Sijawahi kutengeneza dawa ya kidonda, wala ya sukari, wala ya kitu chochote kinachouma."

Fundi hahitaji kuelezwa mara mbili. Nililiona jambo likimwingia, nikaona akilifuata nyuma, siku hadi siku, mpaka kule kwenye simu. Hakunilaumu. Aliangalia dari, akauliza, "Plastiki hizi za ndoo?"

"Ndoo, mabomba, matangi."

"Haya." Akameza mate. "Kwa hiyo huna kitu mkononi."

"Sina, baba."

"Na watu nimeshawaambia."

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikamwambia mguu unaoza, daktari anasubiri, na yeye anawaza watu. Mdogo wangu alianza kulia nyuma ya mlango. Baba hakupandisha sauti.

"Wewe utarudi Uarabuni," akasema. "Mimi ndiye nitakayebaki na watu."

Kisha akasema apelekwe Kitete, akatwe watakapoona panafaa, hatabisha tena. Aliomba jambo moja tu. Habari za plastiki ziishie humo chumbani. Atakayeuliza aambiwe dawa iko njiani, au imechelewa, au haikufaa kwa mguu wake, lolote, lakini asiambiwe kwamba fundi alikuwa hajui mwanawe anafanya kazi gani. Nikamwitikia. Ningemwitikia chochote wakati ule, ilimradi ainuke pale kitandani.

Kilichokuwa kidole kilishakuwa mguu. Walimkata juu ya goti. Daktari alikuwa kijana mpole, akanieleza akiwa amesimama, mikono nyuma, kwamba sumu ya kidonda ilishaingia kwenye damu, figo hazifanyi kazi inavyotakiwa, na wao wataendelea kujitahidi. "Alipokuja mara ya kwanza..." akaanza, akaniangalia, akaiacha sentensi palepale. Nilimshukuru kwa kuiacha. Watu wengine wananiambia nisijilaumu. Sijilaumu. Nina hasira, na hasira yenyewe haina pa kwenda, kwa sababu huwezi kulikasirikia neno.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mkulima wa tumbaku kutoka Ulyankulu, mtu wa makamo, wa zile familia zilizotoka Burundi zamani, rozari shingoni. Gogo la kukaushia tumbaku lilimwangukia mguuni, akalitibu kwa majani ya kwao mpaka unyayo ukawa mweusi. Naye alikuwa ameambiwa akatwe. Mkewe alikuwa mwanamke mwembamba asiyekaa. Alituletea maji ya moto sisi wote bila kuombwa.

Siku mbili tatu za mwanzo baada ya upasuaji baba alichangamka, kama wagonjwa wanavyofanya na kuwatia watu moyo bure. Wageni walikuja, mafundi wenzake, wakulima waliowahi kununua keni zake, mama mmoja wa Kinyamwezi aliyesimama mlangoni akiiamkia wodi nzima kwa mwangaluka. Na baba akarudia maneno yake. "Huyu ndiye mwanangu wa Uarabuni, anayetengeneza dawa." Alisema hivyo akinitazama, na alijua kwamba najua. Mara ya kwanza nilitaka kutoka nje. Mara ya pili nikabaki nikatabasamu, kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu mtu aliyekatwa mguu ana haki ya kuachiwa kitu kimoja kizima.

Sikufikiria kwamba kitanda cha jirani kina masikio.

Mchana mmoja, saa ya kuona wagonjwa, wodi imejaa, nilirudi kutoka bombani na nguo za baba nikamkuta yule mkulima amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa shati, kifungo cha juu amekifunga. Mkewe alikuwa anakunja blanketi. Nje ya mlango palikuwa na pikipiki inaunguruma na ndugu yao juu yake. Walikuwa wanangoja niingie.

"Dada yangu," mwanamke akaniambia, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya kwao, "mume wangu anasema hatakubali kukatwa. Mzee hapa ametuambia kuhusu ile dawa yako. Tunaomba kidogo tu. Tunarudi nyumbani kuisubiri, wewe utatuelekeza."

"Mzee yeye alichelewa," mkulima akasema, kwa heshima, akimwonyesha baba kwa kidevu. "Mimi bado mapema."

Wageni wote walikuwa wamegeuka kututazama. Mdogo wangu alikuwa ameshika bakuli la uji na kijiko kimesimama hewani. Nikamtazama baba. Macho yake yalikuwa yananiomba, na mdomo wake ukanisaidia.

"Waambie, mama," akasema polepole. "Waambie inachukua muda. Wakubali kukatwa kwanza, dawa itafuata."

Lilikuwa jibu la busara. Nililijaribu. Niliwaambia wakubali kwanza, dawa baadaye. Mkulima akatikisa kichwa, akauliza kama dawa ipo kwa nini akatwe, mtu hakati mti wakati maji yapo. Akauweka mguu wake mzima chini akitafuta ndara. Ndugu yake akaingia kumshika bega. Ule mguu mwingine ulikuwa umefungwa bandeji, na juu ya bandeji ngozi ilishaanza kung'aa vilevile nilivyoiona kwenye chumba cha mbele nyumbani kwetu.

"Hakuna dawa," nikasema.

Hawakuelewa. Nikasema tena kwa sauti kubwa zaidi ya nilivyotaka, ikafika mpaka kitanda cha mwisho. Nikasema mimi sitengenezi dawa ya watu. Natengeneza ya plastiki, ya kuigeuza gesi kuwa ndoo na mabomba, ukiipaka kwenye kidonda itakuunguza. Baba yangu alikuwa akiingoja dawa hiyo hiyo ndiyo maana mmemkuta hivi. Nikasema na hilo, mbele ya wenzake, mbele ya wateja wake.

Mwanamke aliliachia blanketi. Mtu mmoja upande wa mafundi alicheka kwa aibu, kile kicheko cha pumzi. Mwingine akasema chini kwa chini, "Kumbe ya ndoo. Fundi alikuwa anatupanga muda wote huu." Hakusema kwa ubaya, naamini. Pikipiki nje iliendelea kuunguruma mpaka mtu akaenda akaizima.

Baba aliegemea kiwiko, akajigeuza taratibu, kazi ngumu kwa mtu aliyebaki na mguu mmoja, na hakukubali mdogo wangu amsaidie. Akalala ubavu ameelekea ukutani.

Mkulima alikatwa kesho yake. Walimkata chini ya goti, na daktari alisema goti likibaki mtu anatembea. Alipozinduka alikuwa analia na kuomba uji. Mkewe akapika mwingi, akamletea na baba, na baba akageuka, akanywa kutoka mkononi mwake, akamwambia asante mama, Mungu amponye mzee wako. Alimaanisha. Hakuwa na kinyongo na wale watu hata chembe. Alipomaliza akarudi ukutani. Nilipojaribu mimi, uji ukapoa kwenye kijiko. Kama alikuwa na haja na mimi alimwambia mdogo wangu, nami nimekaa hapohapo: mwambie dada yako akapumzike, mwambie dada yako afungue dirisha. Wenzake wa kibandani waliendelea kuja, wachache zaidi, wakaongea habari za mvua. Hakuna aliyetaja dawa.

Figo zilikuwa zinaondoka. Alivimba uso, akawa analala muda mwingi. Wauguzi waliniagiza nimpake mafuta na kumgeuzageuza ili asipate vidonda vya kulalia, nami nilikuwa nikimgeuza kwa uangalifu, na kila nilipomgeuza alisubiri nimalize, kisha akajirudisha.

Mara moja tu alisema nami. Ilikuwa asubuhi, mdogo wangu ameenda kuleta chai, mkulima wa jirani amesinzia. Nilidhani naye amelala.

"Ungesubiri kidogo tu, mama," akauambia ukuta. "Nilikuwa naondoka."

Nilimwambia yule mkulima naye alikuwa anaondoka, baba, pikipiki ilishafika mlangoni. Nilisema taratibu ili jirani asiamke. Sijui kama alinisikia. Nilimimina mafuta kiganjani, nikayapasha kwa kusugua mikono, nikaendelea kumpaka mgongoni, maana ndio upande alioniachia.